Picha Bapa na Picha Yenye Kina

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini huku Bara vituo vya kwanza havikuanza kurusha matangazo mpaka mwaka 1994. Naanza na jambo hili kwa sababu asiyelijua hataelewa jinsi michezo ya video ilivyoingia katika miji midogo kama Korogwe na Handeni, wala kwa nini historia yake kwetu haifanani na historia yake kule ilikotoka.

Huko Japani, mashine ya kampuni ya Nintendo iliyoitwa Famicom ilitoka mwaka 1983. Ilijengwa kwa ajili ya picha bapa, yaani picha zenye vipimo viwili, urefu na upana, basi. Mashine ya PlayStation ya kampuni ya Sony, ambayo ilijengwa mahsusi kwa picha zenye kipimo cha tatu, yaani kina, ilitoka Desemba 1994. Kati ya mashine hizo mbili ilipita miaka 11. Mtoto wa Osaka aliyeanza na ile ya kwanza akiwa na umri wa miaka 7 alikuwa kijana wa miaka 18 alipoiona ya pili, na ilikuwa rahisi kwake kuamini kwamba picha nayo imekua kama alivyokua yeye.

Kwetu haikuwa hivyo. Televisheni zilipoanza kuenea, zilifuatana na mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom, zikiwa na kaseti iliyoandikwa kwamba ndani yake mna michezo mamia. Ukiihesabu unakuta ni ileile michache inayorudiwa kwa majina mbalimbali. Haukupita muda mrefu zikafika PlayStation zilizokwisha kutumiwa na wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 niliziona zote mbili katika kibanda kimoja cha gemu mjini Korogwe, juu ya meza moja, kila moja na televisheni yake. Kulia, mtu mdogo anakimbia kwenda mkono wa kulia akiruka mashimo. Kushoto, uwanja mzima wa mpira unaogeuka kadiri kamera inavyogeuka. Watoto walihama kutoka meza upande mmoja kwenda upande wa pili kama mtu anayehama kutoka bao kwenda karata. Hawakujua kwamba moja ni “ya zamani”. Waliona ni michezo miwili tu.

Mimi si mchezaji. Nilikuwa mwalimu wa hisabati kabla sijawa mwalimu mkuu, na kilichonishika pale kibandani ni swali la kimwalimu: picha hizi zinachorwaje, na mtoto anajifunzaje kuzisoma?

Nianze na ile bapa. Kioo cha Famicom kilikuwa na nukta 256 kwenda upande na 240 kwenda chini. Mashine haikuchora kila nukta peke yake, kwani haikuwa na nguvu hiyo. Ilipanga vigae vidogo, kila kimoja nukta 8 kwa 8, kama fundi anavyopanga vigae ukutani, na kigae kimoja cha mawingu kilitumika mara nyingi bila ya gharama. Juu ya vigae vilitembezwa vipande vya picha, visivyozidi 64 kwa wakati mmoja, wala visivyozidi 8 katika mstari mmoja wa kioo. Vikizidi, baadhi hupotea na kurudi kwa kumetameta. Vijana wa kibandani walisema mashine “imechoka”, na kwa kweli hawakuwa mbali sana na ukweli. Mchezo maarufu wa Super Mario Bros., wa mwaka 1985, wote pamoja na picha zake uliingia katika kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya leo hula zaidi ya hapo mara nyingi.

Lakini ndani ya ubapa huo watu walitafuta kina. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Korogwe kwenda Mombo anajua kwamba mkonge ulio kando ya barabara hukimbia kurudi nyuma kwa kasi, miti ya mbele yake hurudi polepole, na milima ya Usambara kama haiendi popote. Mwaka 1982 mchezo mmoja wa Kijapani, Moon Patrol, ulitumia siri hiyohiyo: safu za vilima zilichorwa bapa, lakini kila safu ikapewa mwendo wake, ya karibu upesi na ya mbali taratibu. Jicho likadanganyika, au tuseme likakubali kudanganyika.

Sasa ile yenye kina. Hapa kanuni ni ya kale. Wachoraji wa Italia waliishika mwanzoni mwa karne ya 15, na Leon Battista Alberti aliiandikia kitabu mwaka 1435. Kwa mwalimu wa Korogwe hakuna haja ya kwenda Italia. Ingia katika shamba la mkonge, simama kati ya mistari miwili, nawe utaona mistari hiyo inasogeleana hadi inakutana kwenye upeo wa macho, ingawa unajua fika kwamba ukienda kupima huko mbele utakuta nafasi ni ileile. Au simama katikati ya reli ya Tanga, ambayo ilifika Korogwe mwaka 1902 wakati wa Wajerumani. Ila uhakikishe kwanza kwamba hakuna treni. Kinachofanyika ni pembetatu zinazofanana, zile tunazozifundisha na watoto wakauliza zina faida gani. Mtu akiwa mbali mara mbili, kimo chake machoni huwa nusu. Akiwa mbali mara tatu, theluthi.

Mchezo wa Wolfenstein 3D wa mwaka 1992 ulifanya hesabu hiyo kwa njia ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ingeweza kufanywa na darasa zima kwa kamba. Ndani ya kompyuta hamkuwa na nyumba. Mlikuwa na ramani bapa ya vyumba, kama ile tunayochora darasa la tatu. Kwa kila mstari wima wa kioo, kompyuta ilipeleka kama kamba kutoka jicho la mchezaji hadi ukutani, ikapima kamba, ikachora kipande cha ukuta. Kamba ndefu, ukuta mfupi. Kamba fupi, ukuta mrefu. Mchezo wa Doom, uliotoka Desemba 1993, ulikwenda mbele zaidi ukaleta ngazi na sakafu za vimo mbalimbali, lakini nao ulisimama juu ya ramani bapa, na ndiyo maana ndani yake hukuti chumba juu ya chumba kingine. Watu walioogopa kuingia katika pango lile gizani walikuwa wakitembea juu ya karatasi.

PlayStation ilijenga vitu kwa pembetatu nyingi ndogo, kila moja ikivishwa picha kama kitambaa. Kwa kuokoa muda, ilinyoosha kitambaa hicho bila kuzingatia kwamba upande mmoja wa pembetatu uko mbali zaidi ya mwingine. Ndiyo maana katika michezo yake sakafu za vigae zilipinda na kutetemeka, kama kitu unachokiona chini ya maji ya mto. Nintendo walipotoa mashine yao ya Nintendo 64 mwaka 1996 walilirekebisha jambo hilo. Kwa hiyo kina kile kilichosifiwa sana kilikuwa hila, tena hila yenye makosa, na watoto wa kibandani walijifunza kuyapuuza makosa hayo kwa alasiri moja.

Hapo ndipo penye jambo langu. Mwaka 1977, nchi ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote, nilikuwa nafundisha katika shule ya kijiji wilayani Handeni. Watoto walijaa hadi dirishani. Vitabu vilikuwa haba, na wengi wa watoto wale hawakuwa na picha yoyote nyumbani kwao. Nilichora mchemraba ubaoni, nikauliza una kingo ngapi. Darasa karibu lote likajibu tisa. Nikauliza una nyuso ngapi, wakajibu tatu. Ukihesabu mistari ya mchemraba uliochorwa bila zile za nukta-nukta, utakuta kweli ni tisa, na nyuso zinazoonekana ni tatu. Walikuwa wamehesabu kwa uaminifu kile kilichokuwa ubaoni. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma akatoka nje bila ruhusa, akarudi na tofali bichi kutoka kwenye ujenzi wa nyumba ya mwalimu, akalizungusha mkononi mbele ya wenzake na kuhesabu: kumi na mbili. Halafu akatazama ubaoni, akatazama tofali, akaniuliza, “Mwalimu, sasa hizi tatu umezificha wapi?”

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko linavyosikika leo. Katika mtihani wa darasa la saba hakukuwa na tofali mkononi, kulikuwa na mchoro tu, na waliochaguliwa kwenda sekondari miaka hiyo walikuwa wachache mno. Mtoto aliyejibu tisa alikosa alama, na alama moja ilitosha kumrudisha shambani kwa maisha yake yote. Chuoni tulikuwa tumeambiwa na mmoja wa wakufunzi wetu kwamba mtoto wa kijijini “haoni kina katika picha”, na kwamba jambo hili limethibitishwa na sayansi. Maneno hayo yalinikaa rohoni miaka mingi, na nilipopata nafasi nikatafuta yametoka wapi.

Yalitoka, kwa sehemu kubwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1960 na William Hudson, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini. Aliwaonyesha watu michoro ya mwindaji mwenye mkuki na swala aliye karibu naye. Katikati yao, juu ya karatasi, tembo mdogo, mdogo kwa sababu yuko mbali kilimani. Akauliza: aliye karibu na mwindaji ni nani, swala au tembo? Waliojibu tembo waliwekwa katika kundi la wanaoona vipimo viwili. Wengi waliolisikia jambo hili wakaondoka na neno moja tu, kwamba Mwafrika haoni kina. Lakini matokeo yenyewe hayakusema hivyo. Waliosoma shule walielekea kuona kina kuliko wasiosoma, na miongoni mwa wasiosoma walioona ubapa walikuwamo weusi na weupe. Kisha mwaka 1968 Jan Deregowski, aliyefanya kazi Zambia, aliwapa watu michoro na kuwaambia waijenge kwa vijiti. Baadhi ya wale waliohesabiwa kuwa hawaoni kina katika picha za Hudson wakajenga umbo lenye kina. Macho yalikuwa mazima. Lililokuwa likipimwa ni mazoea ya kusoma lugha fulani ya michoro.

Wala si kwamba watu wetu walikuwa wageni wa vipimo vitatu. Katika makabila ya huku kwetu, Wazigua na Wasambaa wakiwamo, mafunzo ya jando na unyago yalitumia sanamu ndogo za udongo: watu, wanyama, vyombo vya nyumbani. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na fumbo lake, nayo ilionyeshwa mwari akiwa hapohapo mbele yake. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikusanya nyingi na kuziandikia kitabu kilichotoka London mwaka 1956, na mkusanyo wake ukawekwa katika jumba la makumbusho Dar es Salaam. Mafumbo yenyewe sitayaeleza hapa. Hayo yana wenyewe. Ninachotaka kusema ni kwamba mtoto wa Handeni aliyedaiwa kutoona kina alitoka katika nyumba ambamo elimu nzito kuliko zote ilifundishwa kwa umbo unaloweza kulizunguka. Kilichokuwa kigeni kwake ni ile karatasi.

Na ubapa nao si upungufu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam. Bila shaka mistari ya mkonge inayokutana upeoni aliiona kila siku asubuhi. Alipoanza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za mraba, hakuna mstari mmoja uliokimbilia upeoni. Mnyama alijaa ubao mzima, amezungukwa na rangi, unamwona wote kwa mara moja. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya uchoraji, na picha za namna yake zinauzwa duniani kote mpaka leo. Nikiwatazama wale wanyama wake naona vipande vya picha vya Famicom kabla ya Famicom: umbo linalotambulika upesi, kwa rangi chache, bila kivuli cha kukupotezea muda.

Basi ipi bora? Vijana wa miaka ya 1990 huko ng'ambo walilijibu swali hili haraka. Kampuni nyingi ziliacha picha bapa kama mtu anayetupa kandambili baada ya kupata viatu, na michezo mingi ya kwanza yenye kina ilikuwa mibaya: kamera inaganda nyuma ya ukuta, mchezaji anaruka asijue atatua wapi. Super Mario 64 ya mwaka 1996 ilisifiwa kwa haki, lakini hata humo kazi moja kubwa ya mchezaji ni kuigeuza kamera ili aone anakokwenda. Katika ule mchezo bapa wa 1985 kazi hiyo haikuwapo. Shimo liko pale, upana wake ule, ruka.

Kwa maoni yangu picha hizi mbili hazijibu swali moja. Picha bapa humwambia mtu kila kitu kiko wapi. Picha yenye kina humwambia yeye mwenyewe yuko wapi, na hulipia habari hiyo kwa kuficha vingine, kama zile kingo tatu za mchemraba. Mtoto aliyejibu tisa alikuwa anasoma kwa lugha ya kwanza mchoro ulioandikwa kwa lugha ya pili.

Ushahidi wangu ni wa kibandani, tena wa miaka ya baadaye, mashine zilipokuwa na nguvu za kuchora jasho kwenye shingo ya mchezaji. Vijana wa Korogwe wanapenda mpira kuliko gemu nyingine yoyote. Mchezo unaruhusu kuchagua kamera: unaweza kukaa nyuma ya mchezaji kabisa, ukauona uwanja kama anavyouona yeye, kwa kina chote kilichogharimiwa. Sikumwona hata mmoja aliyeichagua. Wote waliiweka mbali, juu, ubavuni mwa uwanja, ambako wachezaji wanakuwa wadogo na uwanja unalala karibu bapa kama ubao wa bao. Na chini ya kioo kuna ramani ndogo, yenye nukta za rangi mbili kwa timu mbili, bapa kuliko hata Famicom. Mwenye kucheza vizuri jicho lake halikai mbali na hapo.

Nilimuuliza mwenye kibanda, kijana ambaye baba yake nilipata kumfundisha, kwa nini wanaacha picha nzuri wanachukua ya mbali. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anayeeleza jambo dogo kwa mkubwa.

“Mwalimu, ukiweka ile ya karibu unaona sura na jezi, lakini humwoni wa kumpasia.”

“Na wakati wa penalti?”

“Aa, penalti ni tofauti. Hapo inashuka yenyewe, inakaa nyuma ya mpigaji.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Ilipofika penalti kamera ilishuka hadi mgongoni mwa mpigaji, goli likawa kubwa mbele, kipa katikati, majukwaa yakididimia kwa mbali kama mistari ya mkonge. Kibanda kizima kikanyamaza, na hakuna aliyeomba irudishwe juu.